Kwa nini Cheshire haikuwa na wabunge hadi 1543

Swali: Vitabu vinasema tangu karne ya 13 kila kaunti ya Uingereza ilipeleka wajumbe wawili bungeni. Mbona katika orodha za zamani Cheshire haimo kabisa, kisha inachomoza ghafla miaka ya 1540? Ilisahauliwa, iliadhibiwa, au ilikataa yenyewe? Ilipopata viti, mjumbe alichaguliwa vipi na nani alimlipa? Halafu sheria yenyewe nimeiona ikipewa mwaka 1542 mahali pamoja na 1543 pengine. (Mwalimu wa historia, Kitui)

Jibu:

Ndugu mwalimu, haikusahauliwa wala haikuadhibiwa. Kwa miaka karibu mia tatu Cheshire haikuhitaji kiti bungeni, kwa sababu kazi ambayo kiti kilifanya kwingine, kwake ilifanywa na chombo kingine. Chombo hicho kilipovunjwa nguvu ndipo ikaomba kiti.

Kwanza tuliweke sawa neno kaunti, maana ukilisoma kwa macho ya Kenya ya leo utapotea kidogo. Mbunge wa Kenya anawakilisha eneo bunge, lakini mjumbe wa kaunti ya Uingereza ya kale aliwakilisha kaunti nzima kama mwili mmoja. Anafanana zaidi na seneta wenu kuliko na mbunge. Aliitwa naiti wa kaunti. Naiti alikuwa mpiganaji mpanda farasi mwenye ardhi, na ndiye aliyetarajiwa kuja. Miji yenye hadhi ilipeleka wajumbe wake mbali, wengi wao wafanyabiashara, na hadhi yao bungeni ilikuwa chini.

Mtindo huo ulikua kwa hatua. Mwaka 1254 Mfalme Henry III alikuwa vitani Gascony, fedha zimemkaukia, na waliobaki kumshikia nchi wakaita manaiti wawili kutoka kila kaunti waje Westminster kuulizwa kaunti zao zitatoa msaada gani. Mwaka 1265 Simon de Montfort, aliyekuwa amemshinda mfalme vitani, akaita manaiti wa kaunti pamoja na wajumbe wa miji. Mwaka 1295 Edward I akarudia wito huo kwa upana: kaunti 37, manaiti 74. Hati ya wito ilitaka waje na mamlaka kamili ya kujifunga wao wenyewe na jamii ya kaunti yao. Hapo ndipo penye uzito. Mfalme hakuwa akigawa haki ya kusema. Alitaka watu ambao wakisema "tutalipa", kaunti haiwezi kugeuka baadaye ikasema haikuwapo. Ndiyo maana katika hati za mwanzo utakuta jina la mjumbe limefuatwa na majina ya wadhamini wake, watu waliobeba dhamana kwamba atafika kweli. Aliyekosa wadhamini aliweza kukamatiwa ng'ombe na farasi wake wa kulimia hadi aende. Mtu hadhaminiwi ili akapokee zawadi.

Katika kaunti zile 37, Cheshire na Durham hazimo.

Cheshire iko kaskazini-magharibi, mpakani na Wales. Ni nchi ya malisho, ya jibini, na ya visima vya chumvi katika miji ya Nantwich, Middlewich na Northwich. Baada ya uvamizi wa 1066 mpaka huo ulikuwa wa hatari, na William I akaukabidhi kwa mtu mmoja, Hugh wa Avranches, kwa cheo cha erli wa Chester. Katika daftari kubwa la ardhi la 1086, ndani ya Cheshire mfalme hana shamba lake hata moja: ardhi yote iko chini ya erli, isipokuwa ile ya askofu. Erli aliteua sherifu wake, yaani ofisa mkuu wa kaunti, akawa na majaji wake na hazina yake katika ngome ya Chester. Kaunti ya namna hii iliitwa palatini. Mabaroni, yaani mabwana wakubwa wenye ardhi, walipombana Mfalme John kwa Magna Carta (hati kuu ya haki) mwaka 1215, wale wa Cheshire walipata hati yao wenyewe kutoka kwa erli wao, Ranulf III.

Sasa fikiria hati ya kuita wajumbe ilivyosafiri. Iliandikwa katika ofisi ya mfalme, ikapigwa muhuri mkubwa, ikatumwa kwa sherifu wa kila kaunti. Hati za mfalme hazikuwa na nguvu ndani ya Cheshire, na sherifu wa kule hakuwa mtu wa mfalme. Wito haukuwa na pa kupitia.

Mtu atauliza: ukoo wa maerli ulikwisha mwaka 1237 na kaunti ikaangukia mikononi mwa mfalme, mbona hakuiunganisha na nyingine? Hakuona faida. Mwaka 1254 alimpa mwanawe Edward, na tangu 1301 cheo cha erli wa Chester kikaenda pamoja na kile cha mkuu wa Wales, kwa mrithi wa kiti cha enzi. Kwa mfalme, kaunti yenye askari wazuri wa upinde na hazina ya pekee, isiyohitaji kuombewa ruhusa bungeni, ilikuwa mali. Na hapa kuna kichekesho cha historia: katika kikao hicho hicho cha 1265 kinachosifiwa kuwa mwanzo wa uwakilishi, Montfort alimbana Edward, aliyekuwa mateka wake, hadi akamwachia Cheshire. Baba wa bunge naye aliitaka kaunti isiyo na bunge.

Usidhani basi kwamba watu wa Cheshire walikaa bila kodi. Walilipa, ila mlango ulikuwa mwingine. Kila alipoingia erli mpya, jamii ya kaunti ilimpa mchango uitwao "mise", na kiasi kilichozoeleka kikawa maki 3,000. Maki haikuwa sarafu bali kipimo cha hesabu, theluthi mbili za pauni, kwa hiyo maki 3,000 ni pauni 2,000. Kwa upande wake erli alithibitisha desturi zao. Mazungumzo hayo yalifanyika Chester, kati ya wenye ardhi wa kaunti na maofisa wa erli. Ukitaka kuyaita bunge dogo hutakuwa umekosea sana.

Ila mlango huo nao ulikuwa na misumari. Mwaka 1353 Edward, mwana mkubwa wa Edward III, alifika Chester na askari, na kikao kikubwa cha majaji wasafiri kikatangazwa. Kikao cha namna hiyo kilichimbua makosa ya miaka mingi na kutoza faini mfululizo. Kaunti ikaahidi maki 5,000 ili kisimame, na kikasimama. Kisha majaji wale wale wakafungua kikao cha aina nyingine, wakatoza faini vilevile. Hakukuwa na kaunti jirani za kulalamika nazo kwa sauti moja. Jamii moja ikijadiliana peke yake na mtu mmoja mwenye askari, bei anapanga yeye.

Udhaifu wa pili ulichelewa kuonekana. Bunge la Westminster lilianza kutunga sheria zilizoigusa Cheshire wakati Cheshire haimo ukumbini. Mfano mzuri ni wa 1399. Kaunti za jirani, kama Staffordshire na Shropshire, zilikuwa na kilio cha muda mrefu: watu wa Cheshire wanavuka, wanapora, wanaua, wanarudi kwao ambako hati za mfalme hazifiki. Bunge la kwanza la Henry IV likapitisha utaratibu wa kuwafuata huko huko, hukumu ya nje ikishapelekwa kwa maofisa wa Chester wamkamate mhalifu na mali yake. Sheria ilikuwa ya haki, kwa maoni yangu. Lakini ona ilivyotungwa: walalamikaji wana manaiti wao ukumbini, washtakiwa hawana hata mmoja.

Hata hivyo mwaka 1450 bado waliona kukaa nje kuna faida. Kodi iliyopitishwa na bunge ilipotaka kukusanywa Cheshire, jamii ya kaunti ilimwandikia Henry VI kwamba wao hawana manaiti wala wajumbe wa miji katika bunge hilo, hivyo uamuzi wake wa kodi hauwafungi, na mfalme akawakubalia. Shika hoja hiyo, kwa sababu miaka 93 baadaye wanaigeuza kichwa chini.

Kilichobadilika katikati ni Henry VIII na waziri wake Thomas Cromwell. Mwaka 1536 sheria moja ilirudisha kwa mfalme pekee uwezo wa kusamehe wahalifu na kuteua majaji katika maeneo yote ya pekee, na nyingine ikaingiza Cheshire mahakimu wa amani kama waliokuwako kaunti za kawaida. Mwaka huo huo Wales iliunganishwa na kupewa viti, kwa kawaida naiti mmoja kwa kaunti. Cheshire ikajikuta imebaki na jina la palatini, huku sehemu kubwa ya ngao yake imekwenda. Jirani zake wa Wales, iliokuwa ikilinda mpaka dhidi yao, wana wajumbe, yenyewe haina.

Ndipo likaja ombi la 1543, ambalo limehifadhiwa kama utangulizi wa sheria. Linasema kaunti imetengwa siku zote na bunge, na kwa sababu hiyo wakazi wamepata hasara nyingi katika ardhi, mali na miili yao, na pia katika utawala mwema wa nchi yao. Linaendelea kwamba wamekuwa wakifungwa na sheria za bunge sawasawa na kaunti zenye wajumbe, na mara nyingi sheria hizo zimegusa na kudhuru mamlaka na desturi zao za kale. Mwaka 1450 walisema "hatumo, kwa hiyo hamtufungi". Mwaka 1543 wanasema "mnatufunga, kwa hiyo tuingizeni". Usiamini kila neno la ombi hilo. Limeandikwa na watu wanaojua sheria, na wanaojua mfalme anapenda kusikia nini. Serikali yenyewe ilikuwa katika kazi ya kusawazisha mipaka yote ya nchi, na sidhani ilihitaji kubembelezwa.

Sheria ilitoa manaiti wawili kwa kaunti na wajumbe wawili kwa mji wa Chester. Tatizo la hati kukosa pa kupitia walilitatua kwa hatua moja ya ziada: hati ya mfalme ilikwenda kwa mkuu wa hazina ya Chester, ambaye naye aliandika hati nyingine kwa muhuri wa ofisi yake, akaipeleka kwa sherifu. Kwingine hatua hiyo haikuwapo.

Kuhusu uchaguzi, Cheshire ilikuta kanuni zimeshaiva. Sherifu akipokea hati, alitangaza na kufanya uchaguzi katika mahakama ya kaunti inayofuata. Mahakama hiyo ilikuwa baraza la mara kwa mara, katika kaunti nyingi kila wiki nne, ambako kesi ndogo zilisikilizwa na matangazo kusomwa. Sheria ya 1445 ilitaka uchaguzi uwe kati ya saa mbili na saa tano asubuhi. Hiyo ilikuwa dawa ya ujanja wa kawaida: sherifu kuendesha uchaguzi alfajiri marafiki zake wakiwapo, au kuuahirisha hadi watu wa mbali waondoke. Sherifu aliyepeleka jina la uongo alikabiliwa na faini ya pauni 100.

Aliyeruhusiwa kupiga kura, tangu sheria ya 1429, ni mwenye ardhi ya umiliki huru ndani ya kaunti inayomwingizia angalau shilingi 40 kwa mwaka baada ya kutoa gharama. Pauni moja ilikuwa shilingi 20, hesabu ambayo wazee wa Afrika Mashariki waliijua vizuri enzi za Bodi ya Sarafu, kwa hiyo kizingiti ni pauni 2. Sheria yenyewe haikuficha sababu: ililalamika kwamba uchaguzi unafanywa na umati mkubwa wa watu wasio na kitu, kila mmoja akidai kura yake ni sawa na ya naiti. Mpangaji wa shamba, hata awe tajiri, hakuwa na kura. Kizingiti kilibaki shilingi 40 hadi 1832, na kadiri fedha ilivyopoteza thamani ndivyo wapiga kura walivyoongezeka bila mtu kubadili sheria. Kwenu Kenya, uchaguzi wa Machi 1957 uliowaingiza Waafrika 8 wa kwanza wa kuchaguliwa katika Baraza la Kutunga Sheria nao ulipima wapiga kura kwa elimu, kipato na mali. Wazo hilo la Waingereza ni la zamani.

Kura hazikuwa za siri. Majina yalitajwa, watu wakapaza sauti, sherifu akasikiliza upande gani una nguvu. Ubishi ukizuka, pande mbili zilitenganishwa zihesabiwe, na sherifu alikuwa na ruhusa ya kumwapisha mtu aeleze ardhi yake inaingiza kiasi gani. Mara nyingi hakukuwa na ubishi, kwa sababu koo kubwa zilikuwa zimekubaliana mapema nani aende safari hii. Mashindano ya wazi yaligharimu fedha na kuacha uhasama wa miaka.

Baada ya hapo kulikuwa na karatasi, au tuseme ngozi. Kwa sheria ya 1406 majina ya waliochaguliwa yaliandikwa katika hati iliyotiwa mihuri ya wapiga kura, ikafungwa pamoja na hati ya wito na kurudishwa serikalini. Hati ya aina hiyo iliandikwa mara mbili juu ya ngozi moja, kisha ikakatwa katikati kwa mstari wa menomeno. Kipande kimoja kilibaki kwa upande mmoja, cha pili kikaenda kwa mwingine, na siku ya mzozo uliviweka pamoja uone kama meno yanaingiana. Lengo lilikuwa kumzuia sherifu asibadilishe jina njiani, jambo lililolalamikiwa vya kutosha hadi likatungiwa sheria.

Malipo: tangu miaka ya 1320 kiwango kilikuwa shilingi 4 kwa siku kwa naiti na shilingi 2 kwa mjumbe wa mji, pamoja na siku za safari. Mlipaji ni kaunti, si hazina ya mfalme. Mwisho wa kikao mjumbe alipewa hati inayotaja siku zake, akaipeleka kwa sherifu, sherifu akawatoza watu. Chukua kikao cha siku 60. Kutoka Chester hadi Westminster ni kama kilomita 290, siku 6 kwa farasi, na 6 za kurudi. Jumla siku 72, mara shilingi 4, ni shilingi 288, yaani pauni 14 na shilingi 8. Kwa manaiti wawili ni pauni 28 na shilingi 16. Shilingi 4 ni peni 48. Kibarua wa shamba mwishoni mwa karne ya 14 alipata peni 3 au 4 kwa siku, kwa hiyo siku moja ya naiti ililingana na siku 12 hadi 16 za jembe. Ugomvi haukukosekana: mabwana wakubwa walioitwa bungeni kwa majina yao walidai ardhi zao hazihusiki, mzigo ukawaangukia wengine. Lakini Cheshire ilipoingia, mambo yalikuwa yakigeuka. Kiti kilikuwa kimekuwa heshima, na wengi walikuwa tayari kukikalia bila kudai posho.

Heshima hiyo haikuleta umoja. Mwaka 1640 kaunti ilipeleka Sir William Brereton na Peter Venables. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilipoanza, Brereton akawa jemadari wa bunge, akaizingira Chester hadi ikasalimu amri Februari 1646. Venables alisimama na mfalme, akafukuzwa bungeni mwaka 1644.

Durham, ndugu yake Cheshire, ilingoja zaidi. Kule bwana wa kaunti alikuwa askofu, na maaskofu hawakutaka. John Cosin alipinga hadi kufa kwake 1672. Sheria ikapita 1673 na uchaguzi ukafanyika 1675.

Ombi la Cheshire lilipata maisha ya pili tarehe 22 Machi 1775, pale Edmund Burke aliposoma utangulizi wake bungeni alipokuwa akitetea makoloni ya Marekani. Alisema Cheshire ilikuwa na vurugu hadi ilipopewa uwakilishi. Lakini Burke hakudai Wamarekani wapewe viti Westminster. Bahari, alisema, hairuhusu. Alitaka kodi zao zipitishwe na mabaraza yao wenyewe. Kwa maneno mengine, dawa aliyoipendekeza inafanana na Cheshire ya kabla ya 1543 kuliko ile ya baadaye, na sioni kama hilo lilimsumbua.

Viti vinne, viwili vya kaunti na viwili vya mji, vilidumu karibu bila kuguswa hadi 1832, wakati Cornwall, yenye vijiji vingi vilivyohesabiwa kuwa miji, ilikuwa na 44. Mageuzi ya 1832 yaliigawa Cheshire kaskazini na kusini, wawili kila upande, na kuipa Stockport na Macclesfield wawili wawili. Pamoja na Chester ikawa 10.

Sasa ule mwaka uliokutatiza. Sheria za Uingereza zilihesabiwa kwa miaka ya mfalme. Henry VIII alianza kutawala 22 Aprili 1509, kwa hiyo mwaka wake wa 34 uliisha 21 Aprili 1543. Kikao kilichopitisha sheria hii kilianza Januari na kuisha Mei 1543, kikavuka siku hiyo, ndiyo maana inaandikwa ya mwaka wa 34 na 35. Zaidi ya hapo, mwaka mpya wa kisheria Uingereza ulianza 25 Machi, si 1 Januari. Februari tunayoiita ya 1543, wao waliiandika 1542. Vitabu vyako vyote viwili viko sahihi, kila kimoja kwa kalenda yake. Wanafunzi waandike 1543. Na wakikuta orodha ya wajumbe wa miaka hiyo ina mapengo, wasikimbilie kusema kaunti haikupeleka mtu: hati za uchaguzi za baadhi ya mabunge ya karne ya 16 zimepotea.